Gogo Haliliwi

Paukwa!

Pakawa!

Niyaone masikio!

Haya hapa!

Na yule asikiaye kwa macho?

Yuko mbele, anakutazama mdomo!

Basi nisiufunike. Sogeeni.

Hapo kale alikuwepo Digidigi mmoja, mama wa mtoto anayenyonya. Digidigi ni mnyama mdogo. Ukimsimamisha karibu na mbuzi utadhani mbuzi kazaa jana. Huyu wetu alikuwa na miguu mitatu. Wa nne ulibaki kwenye mtego wa waya, akainuka na iliyosalia, akaenda zake. Akitembea ulisikia: ti, ti, du. Ti, ti, du. Mtoto wake hakujua kwamba kuna mama wanaotembea vingine. Mlio huo ndio uliokuwa ukimbembeleza.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Kisima cha karibu kikakauka, maji yakabaki ng'ambo ya korongo. Swala akifika ukingoni, ruu! amevuka. Nyani akifika, ruu! amevuka. Digidigi akifika, anasimama. Chini kuna mawe, na mguu wa kumrusha haupo. Akawa analamba umande wa majani asubuhi, lakini umande haumtoshi mama anayenyonyesha. Siku ya tano mtoto alivuta ziwa, akaliachia, akamtazama mama yake usoni.

Digidigi akaenda kwa Fisi. Fisi ndiye aliyekuwa na ngoma ya habari. Kila asubuhi aliipiga gulioni, pu! pu! pu! na alilolisema yeye ndilo lililojulikana pori zima.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba, maskini wee."

"Nitangazie jambo moja tu. Waambie wenye nguvu walaze gogo pale korongoni. Nitavuka mwenyewe."

Fisi akacheka mpaka magego yakaonekana. "Gogo? Nani atatega sikio kwa habari ya gogo? Gogo haliliwi, mama. Kinacholiwa ni huruma. Niachie mimi."

Kesho yake akamlaza Digidigi juu ya mkeka, katikati ya jua. "Masharti yangu matatu," akasema. "Usisimame, usicheke, usiseme."

Pu! pu! pu!

"Mtazameni Digidigi! Hatembei! Hacheki! Hajui hata kama kumekucha!"

Wanyama wakaja wanafuta machozi. Wakamtazama Digidigi, wakamuuliza Fisi.

"Anakula?"

"Kwa shida."

"Analala?"

"Kwa shida."

"Anataka nini?"

"Nyama," akasema Fisi. "Na mayai. Nyama ikikosekana, hata viazi."

Digidigi hali nyama tangu dunia iumbwe, lakini siku hiyo hakuna aliyekumbuka. Wakaweka nyama, wakaweka mayai, wakaweka viazi, wakaondoka wakijisikia wema. Fisi akala, gwam! gwam! Digidigi akaachiwa maganda ya viazi, akayatafuna kwa ajili ya yale majimaji yake.

Asubuhi ya pili, ngoma ile ile, mkeka ule ule. Akaja Kanga. Hakuwa na cha kuweka. Akainama mpaka macho yao yakalingana.

"Dada, jua linakuchoma. Nikusogezee mkeka, au utausogeza mwenyewe?"

Digidigi alikuwa karibu kusahau kwamba ana sauti. "Nitausogeza mwenyewe," akanong'ona.

"Haya. Ngoja nikuzibie kidogo."

Kanga akafungua mbawa, kivuli kikashuka. Hapo kivulini, kichwa kikiwa kimepoa, Digidigi akatazama vizuri gulio lote, akaona jambo ambalo jua lilimzuia kuliona. Kumbe wote humuuliza aliyesimama!

Walipotawanyika, akamwambia Fisi, "Nakuonea huruma, Bwana Fisi. Mimi nimekosa mguu mmoja tu, nimekuletea kikapu kimoja cha nyama. Angekuwepo mkubwa kama wewe, aliyekosa yote minne..."

Fisi akameza mate. "Yote minne?"

"Vikapu vinne. Pengine na ng'ombe."

"Nifunge!" akasema Fisi. "Nifunge haraka, na ngoma upige wewe!"

Digidigi akamfunga kwa kamba ya ukindu, mguu huu, mguu ule, fundo juu ya fundo, akamlaza mkekani. "Masharti ni yale yale, Bwana Fisi."

Asubuhi ya tatu, pu! pu! pu!

"Mtazameni Fisi! Hatembei! Hacheki!"

"Lakini jana alikuwa anapiga ngoma," akasema Nyati.

"Ndiyo hivyo tena," akasema Digidigi. "Dunia."

Wakatikisa vichwa. Wakamtazama Fisi, wakamuuliza Digidigi.

"Anakula?"

"Kwa shida. Uji mwepesi wa mtama, usio na chumvi."

Wakamnywesha uji, gulu gulu gulu. Fisi akasahau masharti. "Sitaki uji!" akafoka. "Nataka nyama! Nifungueni! Huyu ananidanganya!"

"Anasema nini?" wakamuuliza Digidigi.

"Anashukuru."

"Maskini, ana adabu!" Wakamwongezea uji.

"Na anataka nini?"

Digidigi akavuta pumzi. Alimwona mtoto wake kichakani, amelala bila kuchezesha sikio.

"Anataka kuvuka kwenda kwenye maji. Anataka gogo lilazwe pale korongoni. Libanduliwe magome upande wa juu, lisiteleze."

"Gogo tu?"

"Gogo tu."

"Mbona hakusema siku zote!" akasema Nyati, akaondoka na Tembo. Kabla jua halijafika utosini, gogo likaanguka mahali pake: duuu!

Digidigi hakungoja kupigiwa makofi. Akamwamsha mtoto, akamtanguliza. Ti, ti, du. Ti, ti, du. Akavuka. Akanywa mpaka masikio yakalegea, na mtoto akanywa chini ya tumbo lake. Nyuma yao gogo likawa njia. Akapita Kobe, ambaye watu walidhani hapendi kuoga. Akapita Swala mwenye mimba nzito. Akapita Nungu mzee asiyeona, akilisoma gogo kwa pua.

Na Fisi? Gulio lilikuwa tupu. Kanga alirudi, akainama. "Kaka, na wewe unataka nini?"

"Maji," akasema Fisi, kwa sauti ndogo.

Kanga akamfungua fundo moja moja. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, na uji wote ule ulikuwa umemkaa kooni. Fisi akaburuta hatua mpaka kwenye gogo, akaanza kuvuka, akatetemeka katikati.

Digidigi akarudi juu ya gogo, ti, ti, du, akasimama karibu naye.

"Nikupe bega, Bwana Fisi, au utaweza mwenyewe?"

Fisi akatazama mawe chini. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akamtazama Digidigi usoni.

"Nipe bega," akasema.

Wapo wanaosema ndiyo sababu Fisi anachechemea mpaka leo. Waongo hao. Ndivyo alivyozaliwa, na hakuna aliyewahi kumwekea hata kiazi.

Mafunzo ya ngano hii, wanangu, ni haya: mkimwona mwenye ulemavu, kamwe msimuulize yeye. Muulizeni aliyesimama kando yake, hasa akiwa na ngoma. Na mkitaka kusaidia, pelekeni nyama. Msipeleke gogo. Gogo haliliwi.

Ngano yangu imefika kizingitini. Ikiwapendeza, nendeni nayo kwenu. Isipowapendeza, iacheni hapa hapa, nitaipika upya.