Siku Bi Mtetea Alipoota Meno

Mwaka ule ukame ulikaza hata mchwa wakahama, na kwa kuku hilo ni msiba wa kuwekewa matanga. Bi Mtetea alichakura uani tangu alfajiri, akaambulia kokoto. Vifaranga wake tisa walikonda hivi kwamba upepo ukivuma, ilibidi awakalie.

Jirani yake Ng'ombe aliishi kando ya chemchemi, naye maziwa yalimzidi. Ndama kashiba, paka kashiba, na yaliyobaki yameganda kibuyuni.

"Shoga, chukua mtindi," alisema. "Changanya na pumba, uwape wanao. Kila siku nitakuletea."

Ng'ombe alipoondoka tu, Fisi akapenya kwenye tundu la ua, mate yanamtiririka.

"Mtindi kwa kuku? Mama, unataka waote meno?"

"Meno!"

"Kila anywaye maziwa huota. Ndama anayo, paka anayo, mimi hapa ninayo." Akaachama. Bi Mtetea akarudi nyuma hatua tatu. "Na kuku mwenye meno, jogoo gani atamtaka? Lete nikakutupie mbali."

Bi Mtetea, ambaye hata kivuli chake humshtua, akampa. Ikawa ndiyo desturi: kibuyu kinaletwa, Fisi anakwenda "kukitupa". Kwa siku nne tumbo lake likawa ngoma ya harusi.

Siku ya tano kifaranga mdogo, Kidoti, akashindwa kusimama. Bi Mtetea akatazama kibuyu, akamtazama mwanawe.

"Potelea mbali! Bora aumwe meno akiwa hai."

Akamdondoshea mtindi. Kidoti akameza, akapepesa macho, akasimama, akadai mwingine. Mama akamchungulia kinywani. Jino? Hata la dawa! Akawalisha wote, na mtindi ulipomkaukia mdomoni ukanata kama ulimbo. Hapo yeye, ambaye hila yake kubwa maishani ilikuwa kuficha yai, akaokota mbegu za boga, akazibandika mdomoni safu mbili.

Fisi akaja. "Haya mama, takataka ziko wapi?"

"Ulisema kweli, mjomba." Akaachama. Zikameta. "Nimeonja kidogo tu, na sasa pumba siitaki. Nataka nyama. Hasa ya mnono."

"Na sisi! Na sisi!" vifaranga wakashangilia, midomo myeupe pepepe.

"Haiwezekani!" Fisi alilia, mkia katikati ya miguu. "Kuku haoti meno!"

"Nani kasema?"

"Mimi! Nilitunga! Mtindi nimeunywa mwenyewe, wote!"

"Wote?" iliuliza sauti nzito. Ng'ombe alikuwa amesimama nje ya ua na kibuyu cha nyongeza. Akakiweka chini taratibu, akaingia, akainamisha pembe.

Fisi akarukia tundu lake. Kichwa kikapita, kifua kikapita, tumbo likagoma. Alining'inia pale, mtindi ukicheza ndani chubwi, chubwi, mpaka Ng'ombe alipomsukuma kwa pembe. Alitoka upande wa pili kama kizibo, akakimbia bila kuaga.

Njia ya mwongo ni fupi.