Kwa Nini Twasema Mtu Amepigwa na Butwaa

Sogeeni, niwarudishe nyuma, kabla ya bibi zenu na bibi za bibi zenu. Siku hizo watu wa milimani walikuwa na neno la furaha, la hofu na la huzuni. Lakini jambo lilipomjia mtu ghafla hata akili ikasimama, hali hiyo haikuwa na jina. Na habari za msiba zilitolewa popote mtu alipokutwa.

Senzia alichimba mawe ya chuma pamoja na kaka yake, Mbonea. Asubuhi moja shimo liliporomoka, likamfunika Mbonea. Senzia alifukua kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Alipomfikia, kaka yake alikuwa amekwisha kupoa. Akatimua mbio kurudi nyumbani, akiona kwamba habari ile, akiibeba peke yake, itamuua.

Njiani alimkuta Namkunda, mke wa Mbonea, akitoka kisimani na mtungi kichwani.

"Shemeji, mbona mbio?"

"Mbonea amekufa!"

Namkunda hakulia wala hakuanguka. Alisimama na mtungi wake, macho wazi, mdomo wazi, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Senzia alimwita, akamtikisa. Maji yakammwagikia usoni, naye hakupepesa. Watu wakajaa.

"Umempiga?" wakamuuliza Senzia.

"Hata sijamkosea."

Nakijwa, mkunga wa kijiji, alimshika Namkunda mashavu, akamtazama sana. "Amepigwa," akasema. "Amepigwa na butwaa."

Hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo, lakini wote walilielewa.

Wakamtua mtungi, wakamkalisha. Jua lilikuwa linashuka midomo yake ilipotikisika.

"Shemeji, Mbonea amekula? Nimemfukia viazi kwenye majivu."

Senzia alijifunika uso. Ilimbidi amwambie tena. Safari hii alipiga magoti, akamshika mikono, akaanzia mbali, taratibu. Ndipo Namkunda alipolia.

Na tangu siku hiyo, mtu akiduwazwa na jambo la ghafla husemwa amepigwa na butwaa, ingawa hakuna mkono uliomgusa. Na mpeleka msiba hamwambii mtu aliyesimama. Humwambia kwanza, "Hebu tua mzigo, uketi." Ila nasi tumeshaizoea kauli hiyo. Ukiambiwa hivyo tu, huanza kulia kabla hujasikia ni nani.