Gunia la Tluway

Hadithi hii nilisimuliwa nikiwa nachambua maharage, nikaacha kuchambua. Isome taratibu, hasa kama nyumbani kwenu kuna gari.

Juu ya milima, mahali ambapo asubuhi ukungu hukaa hadi watoto wamefika shule, aliishi mwanamume aitwaye Gwandu na mke wake Paskalina. Walikuwa na watoto watatu. Wa kwanza Sagday, wa pili Veronika, na wa mwisho Tluway, ambaye alikuwa bado anapakatwa.

Paskalina alikuwa mpishi hodari. Ndoto yake ilikuwa kupika chai, chipsi na supu kwenye mnada mkubwa ulioko bondeni, ambako wafugaji na wachuuzi hukusanyika kila mwezi. Kwa hiyo wajenzi wa barabara walipomaliza kazi na kuuza vitu vyao, Gwandu alimnunulia nyumba ya magurudumu. Ilikuwa nyumba kamili: mlango, madirisha mawili, na meza iliyoshikamana na ukuta. Chini ilikuwa na magurudumu mawili, na mbele chuma kirefu cha kufunga kwenye gari.

Watu walikuja kuishangaa. Bibi mmoja aliingia, akakaa, akasema, "Kumbe mtu anaweza kuhama na kuta zake!"

Lakini kati ya mlima na mnada kulikuwa na barabara ya kona. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni hewa tupu. Ukisimama pale juu, mwewe anaruka chini yako.

Kaka yake Paskalina, jina lake Bura, alikuwa na lori. Ila Bura alikuwa na mdomo.

"Shemeji," alimwambia Gwandu, "lori langu lipo. Wewe omba tu. Piga magoti kidogo, nitaliwasha."

Gwandu akacheka, lakini moyoni alichomwa. Akajibu, "Shemeji, nina gari langu. Lina viti saba, na injini yake haijawahi kunitia aibu."

Jumamosi moja akaifunga nyumba nyuma ya gari, akaivuta ikiwa tupu kwenye kilima cha kanisa. Gari likapanda bila kulalamika. Watu wakapiga makofi. Gwandu akateremka akitabasamu kama bwana harusi.

"Mama Sagday, umeona? Jumanne tunakwenda mnadani. Wewe, mimi na watoto wote."

"Nimeona, Baba Sagday. Limevuta," Paskalina alisema. "Je, litazuia?"

"Litazuia nini?"

Paskalina alikuwa binti wa mwenye mkokoteni wa ng'ombe. Alisema, "Kwa baba yangu, ng'ombe mpya hasifiwi akipanda. Kila ng'ombe mwenye nguvu anapanda. Husifiwa akishuka na mzigo wake wote, kwa sababu hapo mkokoteni unamsukuma, na yeye lazima aukatalie."

"Hili ni gari, mke wangu. Siyo ng'ombe."

"Ndiyo. Ng'ombe angekataa mwenyewe. Gari litakwenda tu unakolipeleka."

Watu wakacheka. Gwandu hakucheka. Akauliza, "Sasa unataka nini?"

"Nataka tushuke kilima hiki hiki, tukiwa tumepakia kila kitu tutakachopakia Jumanne. Kila kitu, hata sisi wenyewe. Ila sisi tusiwemo."

Hakuna aliyeelewa. Paskalina akawachukua watoto, akaenda nao kwenye ghala la mahindi palipokuwa na mizani ya kupimia nafaka. Akampandisha Sagday, kisha akajaza gunia mchanga mpaka likalingana naye. Akafanya hivyo kwa Veronika. Akafanya kwa Tluway, aliyecheka sana na kutaka kupimwa tena. Mwisho akapanda yeye mwenyewe.

Kila gunia akaliandika jina kwa mkaa.

Bura alipoyaona magunia yanabebwa kuelekea kwenye gari, alishika mbavu. "Dada! Hongera! Umejifungua magunia! Hili lenye pua kubwa limefanana na shemeji!"

"Cheka, kaka," alisema Paskalina. "Mimi nacheka nikifika."

Vijana wakapakia nyumba. Jiko la chuma, masufuria, mabenchi, viazi, mkaa, pipa la maji lililojaa. Vyote wakavirundika nyuma karibu na mlango, kwa kuwa ndiko kulikokuwa rahisi.

Paskalina akasema, "Kwenye mkokoteni, mzigo ukilala nyuma, mti wa mbele unainuka na nira inawanyonga ng'ombe."

"Gari halina shingo," alijibu Gwandu, na watu wakaangua kicheko kingine.

"Je, Jumanne mtapakia hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Basi acheni. Hicho ndicho nataka kukipima."

Kisha akayaketisha magunia. La Sagday na la Veronika kiti cha nyuma. La kwake kiti cha mbele. Na gunia dogo la Tluway akaliweka juu ya lile la kwake, mapajani, jinsi mtoto yule anavyokaa siku zote wakisafiri.

"Na mimi nipimiwe gunia?" Gwandu alitania.

"Ningependa. Lakini gunia halijui gia. Funga mkanda, Baba Sagday. Shuka polepole. Chini kuna shamba lililovunwa, hakuna mtu."

Kile kilima cha kanisa si kitu. Ndiko watoto wanakoteleza kwa makopo na vipande vya ndoo. Hakuna aliyekiogopa hata siku moja.

Gwandu akaanza kushuka.

Mwanzo ilikuwa shwari. Halafu nyumba ikatikisa mkia. Kidogo kulia. Kidogo kushoto. Kila mara ikaenda mbali kuliko mara iliyotangulia, kama mtu anayekataa jambo kwa kichwa. Gwandu alisimulia baadaye kwamba usukani ulikuwa mwepesi mikononi mwake, kana kwamba magurudumu ya mbele yalikuwa yanagusa hewa. Akakanyaga breki. Magurudumu yakasimama, gari halikusimama. Nyumba ilikuwa inalisukuma kutoka nyuma, bila haraka na bila kelele, na katika ule mlima mzima hakukuwa na mtu wa kuiambia iache.

Ndipo watu wakaona jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Nyumba ilianza kumpita mwenye kuivuta. Ikaja ubavuni, ikaligeuza gari kama mtu anavyogeuza mtoto kwa bega, na vyote viwili vikaingia shambani kwa upande. Vumbi likapanda likafunika kila kitu.

Watu wakakimbilia shambani, hata Bura.

Mlango wa dereva ukafunguka. Gwandu akatoka akiwa mzima, mkanda umemwachia alama begani. Watu wakaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Yeye hakuwasikia. Alizunguka gari akafungua upande wa pili.

Gunia la Sagday lilikuwa limeanguka kati ya viti. La Veronika lilikuwa limegonga dirisha. Gunia la mama lilikuwa limekwenda mbele kwa uzito wake wote, na mbele yake lilikuwa gunia dogo. Gunia dogo lilikuwa limebanwa kati ya mama na gari. Lilikuwa limepasuka.

Mchanga ulikuwa bado unamwagika. Ulitoka kidogo kidogo, ukipita juu ya jina lililoandikwa kwa mkaa.

Gwandu akapiga magoti, yule yule aliyekataa kupiga magoti kwa ajili ya lori. Akaanza kuzoa mchanga kwa viganja na kuurudisha guniani. Ulikuwa unamwagika tena, naye anauzoa tena.

Watoto wakaja mbio. Tluway akasimama kando ya baba yake, akaangalia.

"Baba, huyu ni mimi?"

Gwandu akaendelea kuzoa mchanga. Paskalina ndiye aliyejibu.

"Ni mchanga, mwanangu. Ni mchanga tu."

Gwandu akamvuta mtoto, akamshika kwa nguvu mpaka Tluway akalalamika kwamba anaumia. Na kulalamika kule, wanasema, ndiyo sauti nzuri kuliko zote alizowahi kuzisikia.

Baada ya muda akainuka, akamwendea Bura mbele ya watu wote.

"Shemeji, naomba lori."

Kila mtu alisubiri mzaha. Bura ana mzaha wa msibani, ana mzaha wa kanisani, angeukosaje wa siku ile? Lakini Bura alikuwa anaangalia lile gunia.

"Nitakupa," akasema. "Ila siyo Jumanne."

"Kwa nini?"

"Miaka yote nashusha watu mlimani na lori hili. Sijawahi kulipima." Akamgeukia dada yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Dada, ile mizani bado iko ghalani?"

Mnada wa mwezi ule ukawapita. Lori la Bura lilipakiwa mchanga, likashushwa kilimani mbele ya watu, likasimama pale lilipoambiwa lisimame. Mwezi uliofuata likaibeba nyumba mgongoni, mzigo wake umepangwa upya, na familia ikashuka nyuma yake katika gari lao lisilovuta kitu. Kona zile walizipita polepole. Mwewe alikuwa anaruka chini yao.

Sasa ukienda kwenye mnada ule, kuna nyumba ya magurudumu inayouza supu. Ukutani, juu ya meza, limetundikwa gunia dogo lililoshonwa kwa uzi mwekundu. Wageni huuliza ni la nini.

Tluway, ambaye siku hizi anapeleka vikombe mezani, hujibu bila kusimama: "Huyo ni mimi. Yeye alipanda gari, mimi nikabaki chini."

Usiihifadhi peke yako hadithi hii. Mtumie mtu unayempenda kabla hajafunga mzigo nyuma ya gari lake.

Funzo: Usiulize tu kama una nguvu ya kuuvuta mzigo, uliza kama unaweza kuuzuia, na upime kwa mchanga kabla hujapima kwa watoto wako.