Kidole cha Mtakatifu Yarhai

Wamepokezana watu wa dini, mkubwa akimwambia mdogo, ya kwamba zamani katika milima ya Sham palikuwa na mji wa Wakristo, na juu ya mji huo palikuwa na sanamu ya walii wa Mungu, Mtakatifu Yarhai, iliyochongwa katika jabali. Jina la mji limepotea njiani, nami sitawabunia. Ukitaka kuujua urefu wa sanamu, fikiria mnazi mrefu kuliko yote uliyopata kuiona, usimame kando yake. Kilele chake kingemfika kidevuni.

Wapendwa, kila anayesikia habari za sanamu kubwa huuliza urefu tu. Mimi huuliza mengine. Ndege wakijenga viota masikioni mwake, nani alipanda kuvitoa? Nani alimfagilia miguuni? Kwa udadisi huo huo ndipo nilipokipata kisa cha Abgari, Mungu amrehemu, aliyekuwa mtunzaji wa sanamu ile.

Mtakatifu Yarhai alipokuwa hai alihubiri Injili akitembea miguu mitupu, mlima hadi mlima. Masalia yake, yaani mifupa michache na kipande cha fimbo, yalifungiwa kanisani ndani ya kisanduku cha fedha, na watu waliyaona siku ya sikukuu yake tu. Lakini sanamu ilikuwa nje, na miguu yake ilifikiwa na kila mkono. Basi mahujaji walikuwa na desturi yao. Akija mtu, hukibusu kidole gumba cha mguu wa kulia, kilichokuwa kikubwa kama mtungi wa maji, kisha hukikwangua kwa kisu na kuchukua unga kidogo wa jiwe, akamnyweshe mgonjwa wake nyumbani. Huyu kidogo, na yule kidogo. Jamani, hata jiwe huisha! Vizazi vikapita, kidole kikaliwa chote, pakabaki shimo.

Jambo hilo lilimuuma sana Abgari, ambaye utunzaji ule aliurithi kwa baba yake na babu yake. Msimu wa kuvuna zabibu ulipofika, na mji wote umehamia mashambani, alitwaa patasi akachonga kidole kipya, akakigandisha kwa unga wa jiwe na chokaa. Hapa nami nikauliza: kile cha zamani hakuna aliye hai aliyekiona kikiwa kizima, je, alichonga kwa kuangalia nini? Nikajibiwa kwamba alivua kiatu akaangalia chake mwenyewe. Na kwa kuwa alikuwa fundi wa kweli, alichonga alichokiona, pamoja na ukucha uliopasuka katikati tangu alipoangukiwa na jiwe ujanani.

Hakukusudia kumdanganya mtu. Alikusudia kumwambia Baba Marutha, mkuu wa monasteri, mara atakaporejea. Lakini siku waliyorejea, Abgari alikuwa amekwenda kijitoni kuosha vyombo vyake vya chokaa, na alipopanda tena alikuta vigelegele. Wanawake waliotangulia na vikapu vya zabibu walikuwa wamekwisha kuona.

"Kimeota! Kidole cha mtakatifu kimeota!"

Kengele zikapigwa. Baba Marutha, mzee mcha Mungu asiyejua hila hata chembe, alikuwa amepiga magoti, machozi yakimchuruzika ndevuni. "Abgari, mwanangu," akasema, "maisha yangu yote nimeomba nione ishara moja kabla sijafa. Njoo ubusu."

Abgari akabusu. Akasema moyoni: nitawaambia kesho, furaha yao ikishapoa. Lakini furaha haikupoa, na ile kesho haikufika. Msimcheke, maana sote tunazo kesho za namna hiyo majumbani mwetu.

Habari ikavuka milima, ikamfikia mjane mmoja mfumaji wa nguo, jina lake Shamuna. Huyu alikuwa amejikata mguu kwa shoka akipasua kuni, jeraha likaoza, vidole vikageuka vyeusi. Tabibu wa kwao alimwambia waziwazi kwamba mguu ukatwe juu ya kifundo kabla sumu haijapanda, la sivyo atakufa. Shamuna akakataa katakata. Akapanda punda, akaja kwa Mtakatifu Yarhai, na yule tabibu, maskini, akamfuata njia nzima akimsihi.

Alipofika alijiburura mpaka miguuni pa sanamu, akakikwangua kile kidole kipya, akajipaka unga kwenye kidonda. Unga ule ulikuwa na chokaa ndani yake. Ukelele alioutoa uliwafanya watu washike vichwa.

"Unachoma!" akasema huku akihema. "Ukiona dawa inachoma, ujue inafanya kazi!"

Abgari alikuwa amesimama pale na ufagio wake. Akasogea, akainama. "Mama, nakusihi, msikilize tabibu."

"Wewe ndiwe mtunzaji wa hapa, Baba, nawe waniambia hivyo?" Shamuna alimkazia macho. "Mola aliyeotesha kidole cha jiwe, atashindwa na mguu wa nyama? Labda uniambie hakikuota." Kisha akakigeukia kile kidole, akakipapasa kwa mshangao. "Ila kitu kimoja sikielewi. Mungu akimrudishia mtakatifu wake kidole, kwa nini ampe chenye ukucha mbovu?"

Lo! Mwanamke anakufa, na bado anauliza swali ambalo mji mzima haukuliuliza.

Abgari akamtazama Baba Marutha, aliyekuwa akiwabariki mahujaji hatua chache kutoka pale. Akaupapasa ufunguo wa lango la monasteri, alama ya utunzaji wake, uliokuwa kiunoni mwake. Akawatazama watu jinsi walivyojaa. Kisha akautazama ule mguu mweusi, na hapo akaogopa kuliko alivyowaogopa watu. Akavua kiatu, akauweka mguu wake mtupu kando ya mguu wa jiwe.

"Njooni mtazame," akasema kwa sauti kubwa. "Tazameni ukucha wangu, kisha mtazame ule. Hakikuota. Nilikichonga mimi kwa mikono hii, mlipokuwa mashambani."

Watu wakatazama kidole cha mtu, wakatazama cha jiwe. Mpasuko ulikuwa ule ule. Kiatu cha kwanza kilimpiga begani, na vingine vikafuata, pamoja na maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu. Baba Marutha akainua mkono, wakanyamaza.

"Abgari, nilipokuwa nikilia hapa, ulikuwa umesimama kando yangu?"

"Naam, Baba."

"Na ukabusu."

"Naam, Baba. Nisamehe."

Mzee akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo," akasema.

Shamuna alilia kwa hasira, akamrushia Abgari usoni unga uliobaki mkononi. Alilia mpaka akachoka. Kisha akajifuta, akamgeukia tabibu. "Haya. Nitafutie watu wa kunishika." Mkono mmoja ukashikwa na Baba Marutha. Kwa ule wa pili Shamuna akamnyooshea kidole Abgari. "Huyo aje. Nikipiga kelele, azisikie."

Akaja, akamshika, akazisikia zote.

Shamuna akapona, kwa rehema za Mola. Monasteri ikamlea mpaka kidonda kikafunga. Abgari naye, asiye na ufunguo wala wa kumsalimia, akachagua gogo zuri la mjozi, mti mgumu wa milima ile, akaenda kumwomba amwonyeshe mguu wake mzima, ili achonge mwenzake.

"Uangalie vizuri," yule mama akamwambia. "Safari hii sitaki ukucha wako." Kisha akacheka, na Abgari akainamisha kichwa akalia.

Ikafika sikukuu ya Mtakatifu Yarhai. Baba Marutha alikuwa amekwisha kupofuka kwa uzee, ameketi kwenye kiti miguuni pa sanamu. Akasikia mgongano wa mti na jiwe, mtu akipanda ngazi polepole peke yake.

"Nani huyo?"

"Ni Shamuna, Baba. Nimekuja kwa miguu."

Mzee akaomba aushike ule mguu wa mti, akaupapasa kuanzia kifundo mpaka vidoleni, kidole kimoja kimoja. Akaagiza Abgari aitwe. Alipokuja, akautafuta mkono wake akautia ufunguo.

"Niliomba ishara moja kabla sijafa," akasema. "Nimeishika."

Kile kidole walikwisha kukivunja, na shimo likaachwa lionekane. Nami nikiulizwa ni muujiza gani uliotokea mahali pale, simtaji mtakatifu wala jiwe lake. Nasema mtu alivua kiatu mbele ya watu, na mwenzake akaishi. Mola atupe na sisi ujasiri wa kuvua vyetu mapema, kesho zetu zisije zikamuua mtu.