Mwiko wa Bibi Melania

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mbona mnaitika kinyonge kama mmeshinda njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Sogeeni.

Zamani hizo, palikuwa na shule ya msingi ya misheni. Kanisa huku, madarasa kule, jiko katikati. Mpishi alikuwa Bibi Melania, mgongo umepinda, macho makali. Aliwapikia watoto uji wa mtama, tena ndiye aliyeanzisha desturi ya mwiko. Wawili wakigombana, wawe wanafunzi, wawe walimu, huja jikoni, hushika mwiko mmoja, hukoroga pamoja. Koroga, koroga, koroga, mpaka uji utokote: puku! puku! puku! Hapo mikono imechoka, moshi umewatoa machozi, hasira zimewaisha. Bibi huwapa kikombe kimoja, wanywe kwa zamu.

Mwalimu Gaudensi, mkuu wa shule, aliijua desturi hiyo. Watoto aliwapeleka yeye mwenyewe. Ila kuushika mwiko, hata siku moja. Angeushikaje, mkubwa vile, suruali imepigwa pasi!

Mwaka mmoja mvua ikanyesha wiki nzima. Cha! cha! cha! Kuni zikalowa chepechepe. Watoto wakafika na matumbo matupu. Bibi akapuliza, fuu! fuu! Moto ukakataa. Akaingia stoo, akakuta matawi makavu, akawashia. Uji ukaiva, watoto wakanywa.

Lo! Yalikuwa matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Mwalimu aliyatunza mwaka mzima, yachomwe yatoe majivu ya Jumatano ya Majivu. Na Jumatano yenyewe ilikuwa kesho yake.

Mwalimu akaja amefura kwa hasira. "Bibi, umechoma vitu vilivyobarikiwa upikie uji?"

"Si vilikuwa vya kuchomwa, baba? Watoto wamekunywa, na majivu yake nimeyazoa kabla sijatia kuni. Haya hapa chunguni."

"Majivu ya jikoni!" Akakipiga chungu teke. Majivu yakamwagika mvuani, yakawa tope. "Ondoka! Nisikuone hapa tena!"

Watoto wakatazama, vikombe mkononi. Bibi akalitazama lile tope. Akajifuta mikono kwa kanga, akachukua mwiko wake.

"Nitakungoja, mwanangu," akasema. "Tutakoroga."

Jumatano Padre akafika, majivu hakuna. Watu wakauliza. Mwalimu akajibu, "Ni Bibi Melania, ameyaharibu." Habari ya teke akaimeza, ikamkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, Bibi akatuma watoto: "Mwambieni Mwalimu, mwiko unamngoja."

"Nina kazi," akasema Mwalimu.

Ijumaa ya pili: "Mwiko unamngoja."

"Mwambieni nitakuja."

Ijumaa ya tatu, mwiko unamngoja. Ya nne, mwiko unamngoja. Kazi gani, jamani? Ilikuwa aibu tu. Akipita karibu na nyumba ya Bibi, akauona moshi, alikaza mwendo. Kitandani hakupata usingizi.

Ijumaa ya tano hakuja mtu.

Jumamosi asubuhi Mwalimu akashindwa kuvumilia. Akafunga unga wa mtama kwenye kitambaa, akaenda mbio. Hajafika, akasikia: uwii! uwii! uwii!

Jirani akampokea mlangoni. "Umechelewa, Mwalimu. Amefariki alfajiri. Jana kutwa alikuwa akiuliza kama umefika."

Mwalimu akatazama mafigani. Sufuria ina maji, mwiko umelazwa juu yake.

"Kila Ijumaa alikuwa akiteleka maji," jirani akasema. "Akiona huji, huyaepua."

Mwalimu akaanguka kando ya kitanda, akalia kama mtoto. "Nisamehe, mama. Nimekuja tukoroge." Nani wa kumjibu?

Siku ya mazishi akasimama kanisani mbele ya watu wote. "Bibi hakuharibu kitu. Majivu aliyatunza. Mimi niliyapiga teke, na mimi niliwadanganya." Watu wakaguna. Wengine wakalia.

Mwaka uliofuata, siku moja kabla ya Majivu, aliyabeba matawi makavu mwenyewe hadi jikoni. Akawasha, akazoa majivu kwa ajili ya Padre, akatia kuni, akateleka uji. Akaushika mwiko kwa chini. Kwa juu akaacha nafasi ya mkono wa pili. Koroga, koroga, koroga, peke yake. Puku! puku! puku! Akamimina kikombe kimoja, akanywa nusu. Nusu ikapoa palepale, watoto wanatazama.

Basi, wanangu, ukiitwa kupatana, nenda siku hiyohiyo. Msamaha wa kuombea kaburini ni mchungu, na hakuna wa kuupokea.

Ngano yangu imekomea hapo. Nanyi wawili mliokuja mmenuniana, msidhani sijawaona. Jiko lile pale, na mwiko upo.