Sultani Aliyefunga Vyoo vya Soko

Najua hamtaniamini. Msiniamini basi, hasara yenu! Shule niliikimbia mapema, lakini hili hata walimu wangu hawalijui.

Palikuwa na sultani wa Mwambakuni, tumbo mbele, akili nyuma. Siku moja akafunga vyoo vyote vya soko, akavigeuza maghala ya nazi zake. Kisha akapiga mbiu: atakayeonekana akijisaidia popote mjini, sokoni asikanyage tena.

Watu wakakoma. Wanaume wakawa wanatembea kama bata. Wanawake wa sokoni ndio usiseme: tangu alfajiri hawagusi maji, midomo inapasuka, na biashara wanafanya hivyo hivyo.

Basi akakamatwa Mize, mjane muuza mihogo ya kuchoma, mdomo wake mkali kuliko pilipili yake. Kosa? Mjamzito mmoja alizidiwa nyuma ya ukuta, Mize akamkingia kanga. Huyo, mpaka barazani.

"Nikikufukuza sokoni utakula nini?" Sultani akamuuliza.

"Nitakula kama ninavyokunywa siku hizi, Mwinyi. Yaani sili."

"Ulimi huo! Na yule mwenzako, kwa nini hakujizuia?"

"Mtoto alikuwa amemkalia kibofu."

"Visingizio! Mtu mwenye adabu hujizuia. Mimi niko hapa tangu asubuhi, umeniona nikinyanyuka?"

"Sijakuona. Basi tukae wote, Mwinyi. Tunywe madafu, sawa kwa sawa. Nikinyanyuka mimi kwanza, soko lako nalihama. Ukinyanyuka wewe, vyoo vifunguliwe leo leo."

Wazee wa baraza wakakohoa. Sultani na kupenda kwake sifa, angekataaje mbele yao?

"Naapa! Leteni madafu!"

Wakanywa. Wakanywa tena. Jua likapanda. Sultani akapandisha mguu huu juu ya huu. Akabadilisha. Akabadilisha tena.

"Mbona unatikisika, Mwinyi? Baridi?"

"Nafikiria mambo ya mji."

"Naona yamekubana kweli."

Mize akachukua birika la madafu, akaliinua juu kabisa, akamimina kikombeni polepole. Shuuuuu...

"Acha kelele hizo!"

"Mimi nimenyamaza, Mwinyi. Linalosema ni dafu."

Lo! Sultani akaruka kama aliyekalia siafu, joho kalikunja mkononi, mbio!

"Kanyanyuka!" wazee wakapiga ukelele. "Kanyanyuka!"

Ukumbini akageuka, jasho linamchuruzika, akamtazama Mize aliyekaa kimya kitini kama yuko msibani.

"We mwanamke! Madafu yote yale! Umejifunza wapi kujizuia hivyo?"

"Sokoni kwako, Mwinyi. Kila siku, kwa amri yako."

Haya, nakiri, kuna kipande nimekiruka. Swali lile Sultani aliliuliza akiwa nusu ya njia ya chooni. Jibu lilipomfikia, hakuwa tena na sababu ya kuendelea na safari.