Gari la Kazi Halijui Njia ya Kwenu

"Gari la kazi halijui njia ya kwenu." Hivyo ndivyo mzee Mahanyu alivyomwambia Mwajabu hapo kibarazani, nanyi mkaangua kicheko. Kibwana ndiye aliyecheka kupita wote, eti gari lina macho? Eti magari ya siku hizi yana ramani humo ndani, yanajua njia zote mpaka za vichochoroni. Haya, chekeni. Mkimaliza mniambie, maana waliotunga maneno hayo hawakuwa wakicheka.

Mwajabu mjukuu wangu, mimi siingilii. Cheo umekipata kwa jasho lako, na hao waajiri wako wamekwambia uchague, gari la kampuni au posho ya usafiri kila mwezi. Chagua mwenyewe. Lakini mmeuliza msemo huu umetoka wapi, na bahati mbaya mmeniuliza mimi. Ulitoka kwetu Kwemzizi, juu milimani Usambara, na ulianza hivi.

Nilikuwa na mdogo wangu, Sauda. Nyinyi hamkumkuta. Aliolewa na Hoza Shekighenda, kijana mtanashati, mcheshi, mchapakazi. Sitamnyima haki yake kwa sababu tu sikutaka kumwona tena. Alifanya kazi kampuni ya chai, na kiwanda kilikuwa bondeni. Kutoka kiwandani kwenda hospitali barabara ilikuwa nzuri. Kazi ilikuwa kushuka kutoka kwetu, mteremko wenye utelezi, halafu kijito, ndipo ufike kiwandani.

Kwa hiyo tulikuwa na zamu ya machela. Nyinyi wa mjini mnajua machela? Miti miwili mirefu, katikati limeshonwa turubai, mgonjwa analazwa juu yake. Vijana wanne wanabeba mabegani, wanne wanafuata nyuma kuwapokea. Kila nyumba ilitoa kijana wake. Baragumu likipulizwa, mwenye zamu anaacha jembe palepale shambani. Asiyekuja alitozwa jogoo, na jogoo huyo aliliwa mbele ya macho yake, yeye hapewi hata shingo. Mimi mwenyewe nilibebwa na machela ile, mama yenu yumo tumboni, na sikudondoshwa.

Basi Hoza akapandishwa cheo, akawa msimamizi wa mashamba, yeye na mwenzake mmoja aitwaye Singano, wa kijiji cha ng'ambo. Meneja akawaambia kama ulivyoambiwa wewe Mwajabu. Anayetaka gari la kampuni apewe, mafuta na matengenezo si juu yake. Anayetaka posho apewe, ajitafutie usafiri wake.

Siku ile Hoza aliporudi na habari hiyo nilikuwa kwao, nachambua maharage na Sauda. Mtoto wao Zaina, huyu huyu mama yenu mdogo Zaina, alikuwa mdogo, anacheza na makapi.

"Chukua posho, baba Zaina," Sauda akamwambia. "Tudunduize, tununue hata mkweche. Uwe wetu."

"Mkweche! Nishuke mlima watu wanasukuma?"

"Wasukume. Ukisukumwa ni wetu, ukilala nje hapo ni wetu."

"Posho haionekani, mke wangu. Nani atajua kuwa nimepanda cheo? Nitembee nimeishika mkononi?"

"Kwani cheo umepewa ukavae wewe, au utulishe sisi?"

Hoza akacheka, akamfinya shavu. Ndivyo alivyokuwa, neno la maana akiambiwa analigeuza mzaha. Alichukua gari.

Loo, gari lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Jeupe pee, jina la kampuni limeandikwa mlangoni. Lilipopanda kijijini mara ya kwanza wanawake walipiga vigelegele. Na Hoza hakuwa mchoyo, jamani. Alipeleka wagonjwa, alipeleka wajawazito, alibeba maharusi. Kila mtu akasema Mungu ametukumbuka. Singano yeye alichukua posho, akakaa kimya akipanda malori ya majani ya chai kama zamani, mwishowe akanunua Land Rover kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Lilikuwa likinguruma huko ng'ambo kama linakata roho, nasi tunacheka huku.

Ulipofika wakati wa kupanga zamu upya, mwenyekiti akaitisha mkutano. Hoza akasimama, funguo zinaning'inia kidoleni. Akasema, "Machela ya nini tena, jamani, na gari lipo? Mnataka kuendelea kubebana kama maiti?" Watu wakapiga makofi, na vijana ndio waliopiga zaidi, maana nani anapenda kubeba? Zamu ikafa siku ile. Miti ya machela mwenyekiti akaifanya boriti za zizi lake la mbuzi, turubai likaanikiwa maharage mpaka likachanika.

Sasa sikilizeni hapa. Alikuja meneja mpya kiwandani, na meneja mpya huja na amri mpya. Magari yote ya kampuni yalale kiwandani. Ufunguo ukabidhiwe ofisini kazi ikiisha. Gari lisivuke kijito bila ruhusa yake mwenyewe. Na Hoza angesema nini? Gari lilikuwa lao, amri ni yao. Hapo simlaumu hata kidogo.

Ninachomlaumu ni hiki. Alianza kurudi nyumbani kwa miguu, watu wakamuuliza gari liko wapi. Akajibu, "Liko gereji." Wakamuuliza tena baadaye, bado liko gereji, vipuri vinasubiriwa. Mara moja moja meneja akiamka na moyo mzuri anampa ruhusa, basi Hoza anapanda nalo Jumapili, anapiga honi kijiji kizima, kesho yake linarudi "gereji". Mwanamume mzima, aliona aibu kusema neno dogo tu, kwamba jamani, gari si langu, tengenezeni machela yenu. Aliyejua ukweli ni mkewe peke yake, naye aliambiwa, "Usiniaibishe, mama Zaina." Akanyamaza. Hata mimi dada yake hakuniambia.

Wahenga wamesema mficha uchi hazai. Hapa aliyeficha alikuwa mmoja, na wa kuzaa alikuwa mwingine.

Masika ile Sauda alikuwa na mimba pevu. Uchungu ulimshika alfajiri, na Hoza alipotoka kwenda kazini ulikuwa bado mdogo, tukamwambia nenda tu. Jua lilipopanda, Bi Mwanahawa, mkunga wetu, akatoka nje akinawa mikono, uso umembadilika. Akasema, "Mtoto amekaa vibaya. Huyu ni wa hospitali, tena sasa hivi."

Tukamtuma jirani, Kihiyo, akimbie kiwandani amwambie Hoza alete gari. Tukamvika Sauda, tukamtoa kibarazani, tukamfunika kanga mbili, tukakaa. Wanaume wakaanza kukusanyika. Mmoja akasema tumbebeni, tusikae hivi. Wengine wakamjia juu, "Utambeba na nini, na gari linakuja? Unataka akutane nalo njiani umlaze matopeni?" Basi tukasubiri. Kila sauti tuliyoisikia bondeni tulisema ndilo hilo. Mvua ikanyesha, ikakatika, ikanyesha tena. Sauda alikuwa ameushika mkono wangu, anaubana, halafu nikaona haubani tena sana.

Akaniita, "Dada."

"Usiseme, mama. Gari linakuja."

"Dada, gari haliji. Limelazwa kiwandani. Haliko gereji, halikuwa gereji hata siku moja. Baba Zaina aliniambia nisiseme."

Astaghfirullah! Niliinuka pale nikapiga ukelele, wanaume wakadhani amekufa. Nikawaambia hakuna gari! Hakuna gari, bebeni mtu! Na yeye akawa ananivuta nguo, ananiambia, "Usimseme, dada. Usimseme mbele za watu." Yuko katika hali ile, bado anamsitiri.

Baragumu likapulizwa. Wakaja, lakini wakaja kama kuku waliotawanywa. Nani wa zamu? Zamu ilishakufa. Machela? Iko kwenye zizi la mbuzi. Wakang'oa mlango wa nyumba, wakamlaza juu ya mlango, wakamfunga kwa kanga asiteleze. Vijana wale hawakuwahi kubeba mtu, mmoja anakwenda mbio, mwingine anavuta nyuma, mlango unainama huku na huku. Nilitembea kando nimeshika kichwa chake.

Na Hoza? Yaliyotokea huko alitusimulia Kihiyo, aliyekuwa naye. Anasema Hoza alipopewa habari alikimbia mpaka kwenye uwanja wa magari, akamkuta mlinzi.

"Nipe ufunguo!"

"Ufunguo anao meneja, bosi, na meneja ameshuka Tanga."

"Mke wangu anakufa, wee! Gari langu lile pale, naliona!"

"La kampuni, bosi," mlinzi akasema, taratibu, si kwa ubaya. "Lingekuwa lako, ungekuwa na ufunguo wake."

Anasema Hoza alilipiga kioo kwa ngumi, kisha akageuka akakimbilia kwa Singano. Akaambiwa Singano amepeleka kabeji mnadani. Hakuwa na pengine pa kwenda, akasimama njia panda, mvua inamnyeshea, anaungoja ule mkweche aliokuwa akiucheka. Singano alipotokea, Hoza akamweleza huku akilia. Singano hakuuliza swali hata moja, akaligeuza gari. Na ule mkweche uliupanda mlima, wallahi, unapiga kelele na kutoa moshi, lakini uliupanda mpaka kwenye kijito.

Tulikutana hapo, wao upande ule, sisi upande huu. Nilikuwa nimeshamfunika uso mdogo wangu kwa kanga, yeye na mtoto wake ambaye hakuuona ulimwengu.

Hoza akaruka majini, akaja mpaka kwetu, akauliza, "Amelala?"

Bi Mwanahawa alitikisa kichwa tu. Hoza akaufunua uso, akauangalia, akaketi majini, na vijana wakabaki wamesimama na mlango mabegani, hawajui waende mbele au warudi.

Tulimzika kesho yake. Na tumekaa matangani baada ya kuzika, baba yangu na wanaume nje, sisi ndani, tukasikia mngurumo. Mngurumo ule tuliujua. Lile gari jeupe likatokea, limeoshwa, jina la kampuni linang'aa. Matope yale yale, kijito kile kile, likavuka, likapanda, likaja kusimama mbele ya nyumba. Akashuka meneja mpya na dereva, wameleta mchele na sukari na rambirambi ya kampuni.

Zaina akatoka mbio, anaruka, anapiga makofi. "Gari la baba! Gari la baba limepona!"

Hoza alimkamata, akampakata. Wengi tulisikia alivyomjibu. "Si la baba, mwanangu," alisema. "Gari la kazi halijui njia ya kwenu."

Baba yangu alikuwa mzee sana wakati ule, na kwa siku mbili hizo hakuwa amemtolea mkwewe neno. Akainua uso, akalitazama gari, akamtazama Hoza.

"Mbona leo limeijua?"

"Leo limetumwa," Hoza akasema.

Baba akainamisha tena uso. Mchele ulipikwa, watu wakala, meneja akashukuriwa. Mimi sikula. Zaina nilimchukua nikamlea, na Hoza aliacha kazi, akaondoka zake, akafa huko huko alikokwenda. Walioniletea habari walitarajia nilie. Sikulia.

Maneno yake ndiyo yaliyobaki. Waliyashusha mnadani, yakafika viwandani, yakafika mjini, mpaka leo Mahanyu anayasema hapa kibarazani na hajui nani aliyeyasema kwanza wala alikuwa amepakata nani. Watu wamemtoa Sauda humo, wakabakiza gari, na ndiyo maana mnaweza kucheka.

Haya, Mwajabu. Ukitaka gari, chukua gari. Endesha, piga honi, tutapiga vigelegele. Lakini siku wakikunyang'anya ufunguo, njoo utuambie siku hiyo hiyo, usituache tumekaa na mgonjwa kibarazani tunasikiliza bonde. Na wewe Kibwana, mbona sasa umenyamaza? Sema tena kwamba lina ramani. Gari la kazi halijui njia ya kwenu.